Ukifika Mombasa, usimwogope mama wa viazi

Huenda ukawa miongoni mwa wale ambao likizo ijayo itawakuta Mombasa. Kama ndivyo, karibu sana. Mji wetu una mambo mengi ya kumfurahisha mgeni, na kubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, ni chakula. Lakini kabla hujafunga sanduku lako, ningependa tuzungumze juu ya jambo ambalo limenikera kwa miaka mingi ya kuwatibu wageni wanaokuja hapa kujivinjari.

Wageni hao huingia kliniki wakiwa wameshika tumbo. Nikiwauliza walikula nini, jibu huwa ni lile lile: "Daktari, ni vile viazi vya barabarani." Ukiwadadisi zaidi utagundua kwamba siku hiyo hiyo adhuhuri walikula katika hoteli ya ufuoni, wakajipakulia saladi, samaki baridi na wali uliokuwa mezani tangu saa sita, kisha wakateremshia kwa juisi iliyojaa barafu. Utagundua pia kwamba jana yake, wakiwa safarini, walishuka Mtito Andei wakala kuku aliyekuwa akisubiri mabasi tangu asubuhi. Hayo yote hawayashuku, maadamu palikuwa na kitambaa mezani na mhudumu mwenye tai. Anayeshtakiwa ni mama aliyeketi na karai lake kando ya njia.

Mimi nasema mama huyo mara nyingi hushtakiwa bure. Na si suala la haki yake tu. Mgeni anayemwogopa mtu asiye na hatia humwacha mwenye hatia aendelee, naye hurudi kwao bila kujua ni nini kilichomdhuru.

Hebu tutazame namna chakula kinavyoharibika. Vijidudu vinavyoleta kuhara na kutapika havipendi joto kali. Maji yanayochemka yana nyuzijoto 100, na mafuta ya kukaangia hufika 170 au zaidi. Kiazi karai, yaani kile kiazi kilichochemshwa, kikachovywa katika unga wa dengu wenye manjano na chumvi, kisha kikatumbukizwa katika mafuta hayo, hutoka kikiwa salama kuliko karibu kila kitu utakachokiona siku hiyo. Vijidudu hupenda uvuguvugu, yaani kati ya nyuzi 5 na 60. Na joto la Mombasa mwezi wa Februari au Machi, ambalo hufika nyuzi 32 au 33, ni neema kwao. Bakteria mmoja akipata uvuguvugu na chakula kizuri, anaweza kugawanyika kila baada ya dakika 20. Piga hesabu mwenyewe: baada ya saa moja wako 8, baada ya saa mbili 64, na baada ya saa nne wamepita 4,000. Na hapo tumeanza na mmoja tu, jambo ambalo halitokei jikoni.

Kwa hivyo swali la kujiuliza si kama chakula kimeuzwa ndani au nje. Swali ni kimetoka motoni lini. Ukilishika hilo, unaweza kula Mombasa nzima kuanzia alfajiri hadi usiku wa manane.

Anza asubuhi kama tunavyoanza sisi, kwa mahamri na mbaazi za nazi. Ingia Mji wa Kale au Majengo, utafute pale wenyeji walipopanga foleni, kwa maana foleni ndiyo dalili bora ya chakula kisicholala. Mahamri yatoke karaini mbele yako. Mbaazi ni tamu ajabu lakini zina tui, na mpishi yeyote wa Pwani atakuambia kwamba chakula cha tui huchacha upesi. Zile za saa moja asubuhi, zinazofukuta mvuke, kula bila wasiwasi. Zile zilizobaki kwenye sufuria saa sita mchana, mwachie mwenyewe. Vitumbua vivyo hivyo: cha moto ni chakula, cha jana ni bahati nasibu.

Ukitaka kahawa, tafuta mzee mwenye dele la shaba juu ya makaa. Kahawa chungu yenye tangawizi imechemka, nayo haina neno. Udhaifu wake ni vile vikombe vidogo vinavyosuuzwa katika ndoo moja tangu asubuhi. Mwombe kwa adabu, "Mzee wangu, nisuuzie kwa kahawa yenyewe," naye atamimina tone la kahawa moto, alizungushe na kulimwaga. Hakuna atakayekasirika. Wengi wao hufanya hivyo hata kabla hujasema. Kashata au kipande cha halua hakina shida ya vijidudu, maana sukari nyingi huhifadhi chakula. Shida yake ni kwa wagonjwa wa kisukari, ambao huja likizoni wakijiambia kwamba dawa nao zimo likizoni.

Adhuhuri ni zamu ya wali, nami hapa naomba ukae kitako unisikilize, kwa sababu ndipo wengi wanapokosea. Biriani na pilau ya Mombasa, hasa siku ya Ijumaa baada ya swala, ni jambo la kusafiria. Lakini wali una adui wake, bakteria aitwaye Bacillus cereus. Mbegu zake hukaa ndani ya mchele mkavu na haziuawi na kupikwa kwa kawaida. Wali ukiachwa upoe polepole mezani au ndani ya sufuria kubwa, mbegu zile huamka, huzaana na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha wali moto mara ya pili. Mtu huanza kutapika baada ya saa chache. Ndiyo sababu nakushauri ule wali wa mchana mchana. Ukipewa usiku pilau iliyopashwa na hujui ilipikwa lini, agiza kitu kingine.

Samaki naye ana hadithi yake. Samaki wa kupaka, aliyechomwa kwa makaa na kupakwa tui lililokolezwa kwa ukwaju na viungo, ni fahari ya mji huu, na anayepita bila kumwonja amepoteza nauli. Lakini nguru na jodari wasipowekwa barafuni mara tu baada ya kuvuliwa, nyama yao hujitengenezea kemikali iitwayo histamini, ambayo haiondolewi na moto wala ndimu wala pilipili. Anayekula hugeuka mwekundu usoni, kichwa humgonga, moyo humwenda mbio na vipele humtoka, yote hayo ndani ya dakika chache au saa moja. Wengi hudhani wana mzio wa samaki na huapa hawatamgusa tena maisha yao yote, ilhali kosa lilikuwa ni la jua na uhaba wa barafu. Samaki mbichi asinuke, macho yake yang'ae na mashavu yawe mekundu. Ikiwa ameshapikwa, na ukihisi ladha inayouma ulimi kama pilipili mahali pasipo na pilipili, mtoe mdomoni. Pumzi zikikubana, nenda hospitali bila kungoja.

Jioni ni ya Mama Ngina. Bustani ile ya ufuoni ilikarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka wa 2019, nayo ndiyo sebule ya Mombasa nzima. Familia hukaa chini ya mibuyu, watoto hucheza, na meli kubwa hupita karibu zikielekea Kilindini. Hapo utakula muhogo wa kuchoma uliopasuliwa na kutiwa pilipili ya unga, chumvi na ndimu. Utakula viazi karai, bajia na mishkaki. Utakunywa dafu. Sijui burudani nyingine yenye gharama ndogo na faida kubwa kama hiyo, na kutembea kwa miguu kutoka mwisho mmoja hadi mwingine baada ya kula ni dawa ambayo siitozi pesa.

Hapo ndipo penye yule mama tunayemshtaki. Mwambie, "Mama, nipe vinavyotoka sasa hivi," hata kama itakubidi kungoja dakika tano. Mishkaki ikatwe, uone ndani hakuna wekundu. Kuhusu vile vya kuchovyea, tofautisha. Rojo la ukwaju ni chachu, na vijidudu vingi havipendi uchachu. Chatini ya nazi mbichi ni kinyume chake kabisa: haikupikwa, imesagwa kwa maji ambayo hujui yalikotoka, na imekaa nje. Ikiwa kuna kitu cha kukiogopa kwenye meza ile, ni hiyo, pamoja na kachumbari iliyokatwa mchana. Kiazi hakina kosa. Wenzake ndio humponza.

Dafu hufunguliwa mbele yako, na maji yake hayajaguswa na mkono wa mtu. Ni kinywaji bora kwa aliyetoka jasho. Lina madini mengi ya potasiamu, kwa hivyo wagonjwa wa figo wasilinywe bila kumwuliza daktari wao. Juisi ya miwa, yenye ndimu na tangawizi, mimi huipenda, lakini mimi huitaka bila barafu na hutazama kwanza kama mashine inaoshwa au inafukuzwa nzi tu. Barafu ni maji, msomaji. Mtu anayebeba maji ya chupa siku nzima kisha akatia vipande vitatu vya barafu ndani ya gilasi amejilinda mlango wa mbele akaacha wa nyuma wazi.

Sasa nirudi kwenye hoteli. Sizilaumu zote. Zipo zinazopika kwa usafi wa hali ya juu. Ninachokilaumu ni ule mtindo wa kupanga vyakula 30 mezani kwa muda wa saa tatu juu ya vijiko vya mvuke vilivyozimika, na kuwaita watu 200 wajipakulie kwa kijiko kimoja. Ikiwa utakula hapo, nenda mlango unapofunguliwa, usingoje mwisho. Chukua kilicho moto kiasi cha kuunguza ulimi. Krimu, mayonezi na kamba baridi wapite. Wala usidhani fedha humzuia kijidudu. Mwezi wa Juni 2017 wajumbe wa kongamano la afya jijini Nairobi, watu ambao kazi yao ni kupambana na maradhi, walilazwa kwa kipindupindu baada ya kula katika hoteli waliyokutania. Hapakuwa na karai la barabarani hapo.

Iwapo tumbo litakuvuruga licha ya haya yote, usikimbilie kumshtaki mlo wa mwisho. Sumu ya wali huchukua saa chache. Salmonela huweza kuchukua siku moja hadi tatu. Kipindupindu ni kuanzia saa chache hadi siku tano. Na taifodi, ambayo kila anayehara huambiwa anayo, huchukua wiki moja hadi tatu kujitokeza, kwa hivyo aliyefika Ijumaa na kuanza kuumwa Jumamosi hana taifodi ya Mombasa, hata kama kile kipimo cha haraka cha Widal kimesema anayo. Kipimo hicho kinadanganya mno, nami ningefurahi kikitupwa.

Dawa ya kwanza ni maji na chumvi. Nunua pakiti za ORS kabla ya safari, ni za bei rahisi. Zikikosekana, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa, utie vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, unywe kidogo kidogo. Acha kujitibu kwa Flagyl uliyopewa na jirani. Ukiona damu, homa kali, au choo cheupe kama maji ya mchele kinachotoka bila kukoma, hiyo si kazi ya nyumbani. Mtoto aliyelegea na macho kudidimia apelekwe hospitali saa ile ile, si kesho.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba mgeni huyo anayetetemeka mbele ya kiazi huingia baharini bila hofu yoyote akiwa amekunywa bia sita. Sikukuu hazipiti bila kusikia kwamba watu wamezama ufuoni. Pale Jomo Kenyatta, ufuo wa umma ambao wengi huuita Pirates, bahari huonekana mpole kama bwawa, lakini maji yanapokupwa na kujaa huwa na mkondo, na yule asiyejua kuogelea aliyelalia tyubu ya kukodi hugundua kwamba miguu haigusi chini wakati ameshachelewa. Kuogelea baada ya kula hakuui, hata kama shangazi zako wamesema hivyo. Pombe ndiyo inayoua. Uliza wenyeji maji yanajaa saa ngapi. Ukienda kwa mashua kwenye visiwa vya mchanga, usipande bila jaketi la kuokolea, na vaa raba majini kwa sababu ya wale viumbe weusi wenye miiba mirefu wanaokaa mwambani.

Mbu pia hawaogopwi inavyostahili. Mtu aliyezaliwa na kukulia Nairobi au Nyeri hana kinga ya malaria kama mwenyeji wa huku. Lala ndani ya chandarua, hata katika nyumba yenye feni. Kuna na mbu wa mchana, yule mweusi mwenye madoa meupe, anayeeneza homa ya dengi, ambayo wazee wetu waliiita kidingapopo. Iliwapiga watu wa Mombasa mwaka wa 2013 na tena 2021, na mwishoni mwa 2017 hadi mapema 2018 ilikuwa zamu ya chikungunya. Ukipata homa na maumivu ya viungo, kunywa parasetamoli. Uache aspirini na ibuprofeni hadi ujulikane ni ugonjwa gani, maana dengi huweza kuleta kutokwa damu. Homa ikikupata hata wiki mbili baada ya kurudi bara, jambo la kwanza la kumwambia daktari ni kwamba ulikuwa Pwani. Wengi husahau, wakatibiwa taifodi huku malaria ikipanda kichwani.

Nimalizie na wakubwa wetu, kwa kuwa si haki kumfunza mgeni peke yake. Kila kipindupindu kinapozuka katika nchi hii, amri ambayo aghalabu hutolewa upesi ni kuwafukuza wachuuzi wa chakula. Askari hufika, makarai humwagwa, picha hupigwa, na wiki ya tatu akina mama wamerudi pale pale, sasa wakiwa na madeni na wakipika kwa kujificha uchochoroni, mahali pachafu kuliko walipotolewa. Sheria inamtaka kila anayepika chakula cha kuuza awe na cheti cha afya, ambacho hudumu miezi 6. Ni sheria nzuri, lakini cheti hakinawi mikono. Mikono hunawishwa na maji, na maji ndiyo Mombasa isiyokuwa nayo ya kutosha. Yanatoka mbali, kwenye chemchemi za Mzima huko Tsavo na visima vya Baricho, na mifereji ikikauka mama wa viazi hununua mtungi kwa mwenye mkokoteni, bila kujua kama yametoka mferejini au katika kisima kifupi kilichochimbwa hatua chache kutoka choo cha shimo.

Kaunti inamtoza mama huyu ushuru. Basi na imwekee bomba. Sehemu zake zinajulikana: Mama Ngina, Mwembe Tayari, Kongowea, Likoni penye feri, na ile mitaa ya Majengo inayojaa meza za futari kila jioni ya Ramadhani. Bomba moja lenye maji yaliyotiwa dawa, sabuni, na choo cha karibu ambacho hakifungwi saa kumi na mbili, wakati ambapo biashara yake ndiyo kwanza inaanza. Hadi siku hiyo, ukifika Mama Ngina jioni, mtafute aliyejiwekea ndoo yake yenye bomba la plastiki na kipande cha sabuni kando ya karai. Wapo, na wanaongezeka. Nunua kwake, na mwambie kwamba ni kwa sababu ya ndoo ile.